Mama Ndiye Hula Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Mama amepimwa leo asubuhi kwa kamera, hospitali ya rufaa, Kisumu. Jina: Rispa Anyango. Umri: miaka sabini na miwili. Uzito: kilo arobaini na saba. Novemba, kliniki ya presha ilimwandikia hamsini na nane. Nimekuwa mwandishi wa habari miaka thelathini na mmoja na sijui njia nyingine ya kuanza.

Kwanza nyama ilikwama, kisha ugali, kisha mkate. Tangu katikati ya Februari ni uji mwepesi tu. Krismasi aliwagawia wajukuu nyama yake yote na sisi tukamsifu kwa ukarimu. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Daktari Gichuki hapotezi maneno. Alisema kuna uvimbe katikati ya umio, ile njia ya chakula, kwamba amekata vipande sita vya kupeleka maabara, na tusubiri majibu.

"Daktari, hiyo kitu iko na urefu gani?" Mama akauliza.

"Sentimita saba, Mama."

Mama alipima kwenye kidole chake, kama anayepima dagaa sokoni. "Hiyo ni omena moja tu," akasema, akavaa viatu.

Jumamosi, 8 Machi

Mama amekataa kukaa kwangu Kaloleni, hapa mjini. Amerudi nyumbani Awasi. Anasema mvua iko karibu na hakuna mwingine wa kutoa mbegu.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua ilinyesha Jumatano na Alhamisi. Leo Mama amepanda.

Sisi Wajaluo tunaita golo kodhi, kutoa mbegu. Mwenye boma hupanda kwanza, kisha wana wake kwa mpangilio wa kuzaliwa. Wakati wa mavuno ni vivyo hivyo: yeye huonja mazao mapya kabla ya nyumba nyingine yoyote bomani. Baba alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita, kwa hiyo mwenye boma ni Mama. Kanisani tunakwenda kila Jumapili, na mpangilio huu hatujawahi kuuvunja. Mimi binti sina zamu shambani. Kazi yangu ni kuangalia, na hiyo naiweza.

Alichimba mashimo kumi na mawili. Alikaa kwenye kiti mara tatu. Mara ya tatu kaka yangu Enos, kifungua mimba wa kiume, alinyoosha mkono kushika jembe amsaidie.

"Wacha," Mama akamwambia. "Ukishika jembe langu, ni wewe umepanda."

Enos alirudisha mkono. Mke wake, Atieno, alikuwa akiongea mfululizo kuhusu kuku, kuhusu binamu yake wa Maseno, kuhusu bei ya mbolea. Huyu mwanamke hawezi kunyamaza hata mahali panapotaka kimya.

Jumatatu, 24 Machi

Majibu. Ni saratani, ile inayoanzia kwenye ngozi ya ndani ya umio. Picha ya CT inaonyesha tezi mbili zilizovimba karibu na uvimbe; ini na mapafu ni safi.

Daktari alitueleza njia zilizopo. Upasuaji: uvimbe umekaa karibu mno na njia ya hewa, na kwa uzito alionao Mama hawezi kuuvumilia. Kibomba cha waya cha kupanua umio: kinamrudishia mtu chakula haraka, lakini hakitibu uvimbe, na kwa Mama bado kuna nafasi ya kuutibu. Nafasi hiyo ni mionzi mara ishirini na nane, siku tano kwa wiki, pamoja na dripu ya dawa ya kansa kila wiki. Kabla ya hapo awekewe mpira wa kulishia, upite ubavuni hadi tumboni, kwa sababu mionzi itachoma koo kabla ya kulisaidia.

"Nitakula?" Mama akauliza.

"Kwa mpira, ndiyo, kuanzia wiki ijayo."

"Sijauliza mambo ya mpira."

"Kwa mdomo, sijui," Daktari akasema. Nilimheshimu kwa hilo.

Enos akauliza ugonjwa umetoka wapi. Daktari alitaja mambo kadhaa, likiwemo la kunywa chai na uji vikiwa moto sana kwa miaka mingi. Alisema inaweza kuchangia, lakini kwa mtu mmoja huwezi kunyoosha kidole. Mama hunywa chai ikiwa bado inatoa mapovu. Mimi niliwahi kuandika makala kuhusu jambo hili hili. Ilichapishwa ukurasa wa tano. Jumapili iliyofuata nilikwenda Awasi na kummiminia chai ikitoka jikoni, moto vile vile.

Jumatano, 2 Aprili

Mpira umewekwa. Muuguzi Naswa, mwanamke mrefu kutoka Bungoma mwenye sauti ya mwalimu wa gwaride, aliuliza nani atalisha. Mimi na Atieno tuliinua mikono.

Somo lilichukua saa moja. Mgonjwa aketi, asilale. Sukuma maji ya uvuguvugu kwanza. Chakula kiwe kimechujwa. Toa kisukumio cha sirinji, inua sirinji juu, mimina, kiache kishuke chenyewe. Maji tena. Asilale hadi ipite angalau nusu saa. Osha ngozi pembeni ya tundu kila siku.

Nilijaza kurasa tatu. Atieno hakuandika hata neno moja. Alikuwa akimuuliza Naswa nywele zake amesukia wapi.

Mama alitazama dirishani muda wote. Naswa alijaribu kumshikisha mpira auzoee. Mama aliuvuta mkono wake kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Jumatatu, 14 Aprili

Mionzi ya kwanza. Dakika kumi na mbili ndani ya chumba. Dripu ya kwanza ilichukua saa tatu na nusu. Mvua.

Jumatano, 16 Aprili

Mionzi ya tatu. Mama na Atieno wako kwangu Kaloleni. Nyumba ya vyumba viwili imekuwa ndogo. Atieno anaongea tangu anapoamka.

Jumamosi, 19 Aprili

Tangu jana hakuna mionzi, ni Pasaka. Nimeziba mpira.

Nieleze ilivyokuwa. Nilisaga omena na uji ili Mama apate nguvu. Nilichuja mara moja. Kwenye kurasa zangu tatu imeandikwa mara mbili, kwa mkono wangu. Chakula kilisimama ndani ya sirinji. Nikarudisha kisukumio na kusukuma kwa nguvu. Mama akakunja uso.

Atieno aliichukua sirinji mkononi mwangu bila kuniomba. Alivuta kidogo, akatia maji ya uvuguvugu, akasukuma kidogo, akavuta, akasukuma.

"Dada, si kwa nguvu," akasema. "Ni kama ng'ombe. Ukimkamua na hasira, anazuia maziwa."

Baada ya dakika ishirini maji yakapita. Wakati wote huo alikuwa akimsimulia Mama habari za jogoo wa jirani aliyeingia kanisani. Niligundua kwamba Mama alikuwa anasikiliza jogoo, hasikilizi mpira. Nimeandika habari za watu miaka thelathini na mmoja na hilo sikuliona kwa wiki mbili.

Jumanne, 22 Aprili

Mionzi ya tano. Kilo arobaini na tano na nusu. Mvua.

Jumatano, 30 Aprili

Mionzi ya kumi na moja. Enos amepiga simu: mahindi yamefika magotini, palizi ya kwanza imekwisha. Mama alitaka kujua kama safu yake aliyoipanda imepaliliwa kwanza. Imepaliliwa kwanza.

Jumatano, 7 Mei

Mionzi ya kumi na tano. Koo limeanza kuungua. Maji yenyewe hayapiti. Mate anatema kwenye kopo tupu la mafuta ya Kimbo.

Alhamisi, 8 Mei

Mionzi ya kumi na sita. Ofisini nimeandika habari ya bomba la maji lililopasuka. Maneno mia mbili na kumi.

Ijumaa, 9 Mei

Mionzi ya kumi na saba. Mama ameandikiwa mofini ya maji, kila baada ya saa nne, ipitie kwenye mpira, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini hufunga tumbo. Enos alikuwa amekuja kumwona.

"Sista, hiyo si ni ya watu wanaokufa?"

"Ni ya watu wenye maumivu, Mzee," Naswa akamjibu. "Wewe ukiumwa na jino hunywi dawa mpaka ukaribie kufa?"

Enos alitoka nje, akasimama kwenye mvua bila mwavuli. Naandika hapa kwamba ni mwoga. Naliacha neno hilo lilivyo ili nione kama litadumu.

Jumatano, 14 Mei

Ilikuwa siku ya mionzi ya ishirini.

Saa mbili asubuhi Mama alikuwa amefunga nguo zake kwenye leso. Sauti yake imekuwa ya kukwaruza, kwa hiyo aliongea kidogo, kwa Kijaluo.

"Nirudishe nyumbani."

Nilimwambia zimebaki tisa, pamoja na ya leo. Nilimwambia Daktari alisema koo linaloungua ni dalili ya mionzi kufanya kazi kwenye nyama yote, nzuri na mbaya, na kwamba nyama nzuri itapona. Nilitaja wiki: mbili au tatu baada ya mionzi ya mwisho. Yote niliyoyasema yalikuwa sahihi na hakuna hata moja lililomfikia.

"Adero," akasema, "mimi si gazeti."

Nikampigia simu Naswa. Aliuliza maswali manne, akaenda kumuuliza Daktari, akarudi na kipimo kipya cha mofini, na akaniagiza nichungulie mdomoni. Kulikuwa na utando mweupe kwenye ulimi. "Hiyo ni fangasi. Ina dawa. Mlete tu, hata kama hataki mionzi, tumtibu mdomo. Mionzi ataamua akiwa hana maumivu. Mtu akiumwa hivyo haamui, anakimbia."

Tulimpa mofini. Tukangoja. Atieno aliketi sakafuni karibu na miguu ya Mama na, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikaa kimya. Nilihesabu dakika ishirini na tano.

Kisha akasema, "Mama, ukipalilia, ukafika safu ya kumi na tisa, na shamba ni safu ishirini na nane. Jua ni kali. Utaacha?"

Mama alishika fundo la leso.

"Nauliza tu. Kwa sababu mimi uliwahi kunikuta nimeacha, mwaka ule nilipoolewa. Na ulinisema mpaka kwa mama yangu Maseno wakasikia."

Mama alifungua leso. Alitoa gauni la kijani, lile la kwendea hospitali, akalivaa.

Mionzi ya ishirini ilifanyika saa sita na dakika kumi.

Ijumaa, 16 Mei

Ishirini na mbili. Fangasi inapungua. Kilo arobaini na nne.

Ijumaa, 23 Mei

Ishirini na saba. Kilo arobaini na nne na nusu. Atieno amegundua kwamba uji wa soya na yai, ukichujwa mara mbili, unapita vizuri. Hajauandika popote. Nimeuandika mimi.

Jumatatu, 26 Mei

Mionzi ya ishirini na nane. Mama alitoka chumbani, akamshika mkono kila mmoja pale, hata mfagiaji, kama mtu anayeaga baada ya harusi. Kamera ya kuangalia matokeo itakuwa Julai. Kabla ya hapo nyama yote ndani ni kidonda na haisomeki.

Mwaka huu nimeandika habari za magavana wawili na timu moja iliyopanda daraja. Huyu ndiye mtu aliyefanya jambo.

Jumamosi, 7 Juni

Tumemrudisha Awasi. Mahindi yamempita kimo. Alitembea hadi safu yake mwenyewe na kuhesabu: mashimo kumi na mawili, miche kumi na mmoja. Aliuliza wa kumi na mbili uko wapi. Enos akasema kuku. Mama akamtazama Atieno. Atieno akatazama angani.

Jumatano, 18 Juni

Atieno amesema kwa simu kwamba Mama anameza mate yake, na maji kijiko kwa kijiko, kama Naswa alivyoruhusu. Kitu kizito kuliko maji kinarudi.

Jumamosi, 21 Juni

Mahindi mabichi yako tayari. Majirani wanachoma, moshi wake unavuka ua. Kwetu hakuna anayevunja hata hindi moja. Mama hajaonja. Watoto wa Enos walikaa uani wakitazama moshi huo kama watu wanaotazama mechi kupitia dirisha la hoteli.

Jumanne, 24 Juni

Mdogo wetu Byron amepiga simu kutoka Nakuru. "Adero, hiyo si ni jambo dogo? Wasage, wammwagie kwa mpira, watoto wakule, maisha iendelee."

Nilimpigia Enos. "Mpira si mdomo," akasema. "Tungoje Julai."

Nikamwambia mahindi hayangoji Julai, yatakauka. Akasema basi yakauke. Nikamwita mshamba. Akakata simu.

Jumamosi, 28 Juni

Nimefika Awasi saa nne asubuhi. Nakusudia kuandika kilichosemwa kwa mpangilio wake.

Mama alikuwa kwenye kiti barazani, ameegemea ukuta. Atieno alikuwa amemaliza kumpa chakula cha asubuhi. Enos na mimi tulisimama uani tukibishana, tukidhani tunanong'ona.

"Njooni hapa," Mama akasema. Sauti imemrudia karibu yote. "Enos, kwa nini watoto hawajala?"

"Tunakungoja wewe, Mama."

"Mimi nimekula sasa hivi."

Enos alivua kofia. "Mama, usikasirike. Siku ile ya kupanda ulisema nikishika jembe lako, ni mimi nimepanda. Sasa Atieno akishika hiyo sirinji, aliyekula ni nani?"

Nilikuwa na hoja zangu tayari. Hazikugusa hilo. Kwa sheria ya Mama mwenyewe, Enos alikuwa sahihi.

Mama hakukasirika. "Si hiyo tu inakusumbua. Sema."

"Nikikubali hiyo mpira ni kula," Enos akasema, akiangalia kofia yake, "ni kama nimekubali hutakula tena. Mimi nangoja ukule. Nitangoja hata mwaka."

Hivyo neno nililoliandika tarehe tisa Mei, mwoga, halikudumu. Nalifuta hapa, na lile la Jumanne, mshamba, pia.

"Enos," Mama akasema, "tangu Aprili nimepita mvua yote, nimechomwa ndani mara ishirini na nane, nimetembea mpaka kwa shamba nikahesabu miche yangu. Kama sijala tangu Aprili, huyu unaongea naye ni nani?"

Enos aliinua macho, akamtazama.

"Lakini ya jembe umesema ukweli." Akamgeukia Atieno. "Nenda kwa safu yangu. Vunja mawili."

Atieno alikwangua mahindi, akayasaga, akayapika na maji kuwa uji mwepesi, akauchuja mara mbili. Akaongeza mara ya tatu huku akinitazama mimi. Aliuacha upoe hadi ukawa vuguvugu. Aliupima kwenye kifundo cha mkono kama maziwa ya mtoto. Kisha akainua sirinji.

"Lete hapa," Mama akasema.

Kwa miezi mitatu sikuwahi kumwona akiutazama ule mpira, sembuse kuugusa. Aliuchukua. Alifungua klipu iliyoubana kwa kidole gumba. Akapitisha maji kwanza. Hakuna aliyemwelekeza, kumbe siku ya somo, alipokuwa akitazama dirishani, alikuwa akisikiliza. Aliinua sirinji kwa mkono wa kulia hadi usawa wa bega, na kwa mkono wa kushoto akamimina uji wa mahindi mapya. Mkono wa kulia ulilegea, sirinji ikainama. Enos alijongea hatua moja, akajizuia, akaweka mikono yake nyuma.

Uji ulishuka polepole. Alimimina tena. Mililita mia moja na hamsini kwa dakika kumi na moja. Akamaliza kwa maji, akafunga klipu, akampa Atieno sirinji tupu.

"Nani ameshika jembe?" akauliza.

"Ni wewe, Mama," Enos akasema.

"Basi zamu ni yako. Nenda uvunje. Na wale watoto waache kukaa hapo kama wafiwa."

Walichoma mahindi jikoni kwa Enos hadi saa nane. Mama alikaa wima barazani nusu saa yake, kisha nusu nyingine ya kusikiliza watoto wakitafuna. Enos alikula mahindi manne bila kusema neno. Atieno alisema ya watu wote. Nilipewa moja. Lilikuwa tamu, na upande mmoja limeungua.

Alhamisi, 10 Julai

Kamera. Daktari Gichuki anasema uvimbe hauonekani. Lililobaki ni kovu, na kovu limebana njia. Ameipanua leo, huenda akarudia. Amekata vipande vingine vya kupeleka maabara. Nilimuuliza kama tunaweza kusema amepona. "Hapana. Andika kwamba amejibu matibabu vizuri. Picha nyingine Oktoba." Nimeandika hivyo hivyo. Mpira ubaki hadi uzito upande. Kwa mdomo aanze vitu vyepesi, vya uvuguvugu. Kilo arobaini na sita.

Jumamosi, 12 Julai

Awasi. Hakuna mvua.

Atieno alimletea Mama chai ya maziwa, nusu kikombe, baada ya kuiacha mezani dakika ishirini. Alimketisha wima. Enos alisimama mlangoni kama askari. Mama alivuta funda dogo la chai, akalishika mdomoni, akameza. Tulingoja. Haikurudi. Akavuta tena. Alimaliza kwa dakika kumi na nne na hakukohoa hata mara moja.

Kisha akageuza kikombe, akakitazama ndani, akamkabidhi Atieno.

"Hii si chai," akasema. "Haya ni maji ya kuoga. Niletee mengine."